Nora hakuondoka kwa kiburi

Kila mwaka, nikianza tu kufundisha A Doll's House, tamthiliya ya Henrik Ibsen wa Norwei iliyotoka 1879, ambamo mwishoni Nora anamwacha mumewe Torvald na watoto wao, kuna mkono unaonyooshwa: "Mwalimu, hii si inawafundisha wanawake kuvunja ndoa?" Swali hilo nimelisikia darasani hapa Dodoma, nimelisikia kwa mzazi aliyekuja kutoka Mpwapwa kumwona mwanawe, nimelikuta hadi kwenye majibu ya mtihani. Limenichosha, kwa sababu anayeliuliza karibu kila mara amesoma desa, yaani muhtasari tu, tamthiliya yenyewe hajaifungua.

Karibu kitabu kizima kinamwonyesha mke anayehangaika kuiokoa nyumba yake. Torvald aliugua, madaktari wakasema asipopelekwa kwenye nchi ya joto hatapona. Kwa sheria za huko wakati ule, mke hakuweza kukopa bila idhini ya mumewe. Wanafunzi wetu, waliokulia chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971 inayomruhusu mke kumiliki mali kwa jina lake, hulipita jambo hili haraka mno. Nora akakopa kwa siri kwa Krogstad, akaghushi saini ya baba yake kama mdhamini, kisha akawa analipa kidogo kidogo kwa kujibana na kufanya kazi za kunakili hadi usiku. Itazameni tarehe kwenye hati: saini ni ya 2 Oktoba, na baba alifariki 29 Septemba. Marehemu ametia saini siku tatu baada ya kufa! Tapeli aliyezoea kazi yake asingekosea hivyo. Huyu alikuwa na mgonjwa ndani.

Siri inapofichuka, Torvald anamwita mwongo na mhalifu, na anasema hatamwachia tena malezi ya watoto. Muda mfupi baadaye hati inarudishwa, naye anashangilia kwamba ameokoka. Nora anauliza: na mimi? Anajibiwa: na wewe pia, bila shaka. Kama mna nafasi ya kusoma ukurasa mmoja tu, someni huo, kwa sauti, wawili wawili. Ndipo mtaelewa kwa nini baadaye anamwambia kwamba kwa miaka minane ya ndoa hawajawahi kukaa wakazungumza jambo zito.

Wanaosema angebaki kwa ajili ya watoto wajue kwamba mwisho huo uliwahi kuandikwa. Mwigizaji wa Ujerumani, Hedwig Niemann-Raabe, alikataa kuigiza mama anayewaacha wanawe, Ibsen akauandika kwa shingo upande ili mtu mwingine asije akamharibia kazi, na yeye mwenyewe akauita ukatili. Mwaka 1898, mbele ya chama cha kutetea haki za wanawake huko Norwei, alisema kazi yake ilikuwa kumwonyesha binadamu, wala hakukusudia kuandika propaganda.

Wengine huniambia: "Haya ni mambo ya Wazungu." Hapana. Someni Nguzo Mama, tamthiliya ya Penina Muhando, muone wanawake wa kijiji cha Patata wanavyohangaika na nguzo isiyosimama.

Wengine husema: "Juliette aliishinda mahari." Katika Three Suitors: One Husband, tamthiliya ya Guillaume Oyono-Mbia wa Kameruni, wachumba wanamtolea Juliette mahari: Ndi ametoa faranga 100,000 na Mbia, mtumishi wa serikali, 200,000. Fedha hizo zinaibwa, kisha Oko, mpenzi wake, anakuja kumwoa Juliette kwa 300,000 zile zile. Mahari imelipwa na mila imebaki palepale. Mwanafunzi wa Bahi au Chamwino aliyewahi kuona ng'ombe wa mahari wakijadiliwa analielewa hili upesi kuliko mwongozo wowote wa mtihani.

Na kuhusu The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka wa Nigeria: "Sidi alimchagua Baroka kwa hiari." Baroka, chifu wa kijiji, alimdanganya mkewe mkubwa Sadiku kwamba nguvu za kiume zimemwisha, akijua habari zitafika. Sidi alikwenda kumcheka, akanaswa. Rudini kwenye tukio hilo kabla hamjaandika neno "hiari".

Wavulana wanaodai kwamba tamthiliya hizi ni za wasichana nawapa Torvald, Baroka na Lakunle, mwalimu anayemtaka Sidi, wawasome mbele ya darasa, na maswali wajibu wao.