Je, wajua kwa nini gari lenye springi za hewa huamka limelala asubuhi ya baridi?

Asubuhi za Juni na Julai huku Mbeya si ajabu kulikuta gari refu la kuvuta kwa magurudumu yote manne, ambalo jana jioni liliegeshwa likiwa limesimama vizuri, sasa limeinama upande mmoja au limelala kabisa hata madigadi yamefunika sehemu ya matairi. Mwenye gari huwasha injini, husubiri dakika chache, gari hunyanyuka taratibu, naye huondoka akiamini kwamba ni baridi tu. Baridi inahusika kweli, lakini kwa sehemu ndogo, na asiyeijua sehemu hiyo huishia kununua kompresa mpya, yaani pampu ya hewa, ambayo nayo itaungua kama ile ya kwanza.

Magari haya hayabebwi na springi za chuma. Hubebwa na puto nene za mpira zilizojazwa hewa, ambazo kwenye baadhi ya magari ziko kwenye magurudumu yote manne, na kwenye mengine, kama baadhi ya Prado 120, ziko nyuma tu. Range Rover zilianza kupewa mfumo huu mwaka 1992, na toleo la P38 lililotengenezwa kati ya 1994 na 2002 bado linaonekana barabarani. Kompresa ndogo ya umeme hujaza tangi hadi bar 10 hivi, ambazo ni karibu mara nne au tano ya upepo wa tairi; boksi la vali huigawa hewa hiyo kwa kila puto; na sensa zilizofungwa karibu na magurudumu huiarifu kompyuta gari limesimama kimo gani.

Sasa tuipime baridi yenyewe. Gari likiegeshwa jioni hewa ikiwa nyuzi joto 22, na alfajiri ikashuka hadi 5, ujazo wa hewa iliyo ndani ya puto hupungua kwa takriban asilimia 6, kwa sababu uzito wa gari haukubadilika, na hivyo mgandamizo ndani ya puto hubaki ule ule. Hiyo ni sawa na gari kushuka kwa upana wa kidole, pengine zaidi kidogo. Lililoshuka kwa kiganja kizima linavuja, na baridi imeufichua uvujaji huo kwa kuukaza mpira uliozeeka na kuzifanya zinywee oringi za vali, zile pete ndogo za mpira ambazo mchana wa joto bado zilikuwa zinaziba.

Puto huchakaa kwanza pale chini linapojikunja. Paangalie kwa tochi gari likiwa limenyanyuliwa: utaona mistari myembamba kama ya kisigino kilichopasuka, na ndani ya mistari hiyo vumbi jekundu la barabara zetu limekaa likisaga mpira kila gurudumu linapopanda na kushuka. Pakaa povu zito la sabuni kwa sponji, kisha subiri bila haraka, kwa maana uvujaji wa usiku kucha hutoa vipovu vidogo mno, na mtu mwenye pupa hukiruka kipovu kile kile alichokuwa anakitafuta. Lakini usiingie chini ya gari hili likiwa limeshikiliwa na hewa yake. Liweke kwanza juu ya stendi imara zilizobeba chasisi, kwa sababu puto likiachia, gari hushuka ghafla.

Ugumu ni kwamba gari lenyewe linaweza kukupoteza. Kompyuta ya P38 huamka kila baada ya saa 6 hivi, na ikikuta kona moja imeshuka, hushusha na nyingine zilingane nayo, hivyo asubuhi unakuta gari zima limelala ilhali mgonjwa ni mmoja. Ondoa rilei yake ya muda (swichi ndogo ya umeme inayoiwezesha kuamka) au fyuzi ya mfumo huo kabla ya kulala, kisha pima kwa futi kamba kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa madigadi, andika, na upime tena alfajiri. Kona iliyoshuka peke yake inakuelekeza kwenye puto lake, paipu yake au vali yake. Zote zikibaki juu lakini gari likichelewa sana kunyanyuka unapoliwasha, chunguza tangi na paipu zake, kisha nguvu ya kompresa.

Kuhusu kompresa, nyanda za juu zina adhabu yake. Kwenye mwinuko wa mita 2,000, kama ilivyo Njombe, mgandamizo wa hewa ni karibu asilimia 80 ya ule wa Dar es Salaam, kwa hiyo kila pigo la pistoni huvuta hewa pungufu na tangi huchelewa kujaa. Kompresa iliyochoka, ambayo pwani ilikuwa inajikongoja, huku juu hupata joto hadi swichi yake ya usalama ikaizima. Na ikiwa kuna mahali panavuja, haipumziki kabisa. Ndiyo maana nasisitiza uvujaji utafutwe kwanza.

Land Cruiser 100 zenye kimo cha kurekebishwa ni habari nyingine, kwa kuwa zenyewe hutumia mafuta na gesi ya naitrojeni, na povu la sabuni halitakuambia kitu.

Jirani yangu hapa Uyole alikwisha kubadilisha kompresa mara mbili tulipopima gari lake kwa futi kamba. Kona ya nyuma kushoto ilikuwa imeshuka sentimeta 9 usiku mmoja, puto likiwa zima. Kwenye boksi la vali tulikuta oringi ya kona hiyo imekuwa bapa na ngumu kama plastiki. Tulibadilisha oringi zote za boksi, na alfajiri iliyofuata kona ile ilikuwa imeshuka sentimeta moja, sawa na nyingine tatu.