Vita vya Msalaba: deni lililoangusha Konstantinopoli

Wengi hudhani Vita vya Msalaba vilikuwa Wakristo kupigana na Waislamu, basi. Msafara wa nne uliishia kupora Konstantinopoli, mji wa Wakristo, Aprili 1204.

Kisa ni mkataba. Mwaka 1201 wajumbe wa msafara waliagiza Venice meli za kubeba watu 33,500 na farasi 4,500, kwa marki 85,000 za fedha. Waliotokea hawakufika nusu. Meli ziko tayari, deni limebaki marki 34,000 hivi. Enrico Dandolo, mtawala wa Venice, hakulifuta: aliliahirisha, kwa sharti kwamba kwanza wamtekee Zara, mji Mkatoliki ulioiasi Venice. Wakauteka Novemba 1202, ingawa Papa Innocent III alishakataza na wenyeji walitundika misalaba ukutani. Kisha Alexios, mwanamfalme wa Konstantinopoli, akaahidi kuwalipa marki 200,000 akirudishiwa kiti cha babake. Alikipata, malipo yakamshinda, akapinduliwa na kuuawa. Ndipo msafara ukaushambulia mji.

Imani ilikuwepo, tusidanganyane. Ila mahubiri kwamba Wagiriki, yaani wenyeji wa Konstantinopoli, ni wafarakano waliojitenga na Kanisa la Papa, na vita ni halali, yalipamba moto kabla ya shambulio la mwisho, deni likiwa la siku nyingi. Venice ilichukua sehemu tatu kati ya nane za mji.