Nani Hupanga Bei ya Umeme Uganda?

Kwa miaka mingi, kuanzia Kampala hadi Arua, watu wameamini kwamba bei ya umeme hupangwa na kampuni inayousambaza. Huenda jina nalo lilichangia, kwani msambazaji mkuu kuanzia 2005 hadi Machi 2025 aliitwa Umeme. Ukweli ni kwamba Sheria ya Umeme ya 1999 iliunda Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, yenye wajumbe watano wanaoteuliwa na waziri kwa idhini ya Baraza la Mawaziri, nayo ndiyo hutoa leseni na kuidhinisha bei. Msambazaji huwasilisha maombi na hesabu zake. Mamlaka huzipitia, kisha kila robo mwaka huangalia upya bei kwa kuzingatia thamani ya shilingi, mfumuko wa bei na gharama za mafuta.

Anayenunua Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia, ya shilingi 10,000 mara mbili katika mwezi mmoja huona uniti za mara ya pili zimepungua, akadhani ameibiwa. Kumbe uniti 15 za kwanza za mwezi, kwa matumizi ya nyumbani, huuzwa kwa bei nafuu. Usambazaji ulipohamia kampuni ya serikali, UEDCL, Aprili 2025, uamuzi wa bei ulibaki kwa Mamlaka ileile.