Kizibo cha jino kimevunjika: msimbo upi unaandikwa, na bima inalipa nini?

Uko katikati ya kula, mara unasikia kitu kigumu kati ya meno. Unakitema mkononi: kipande cheupe, kidogo kama punje ya mchele. Ulimi unakimbilia pale kilipotoka na kukuta ukingo unaokwaruza. Ukiwa Marekani, ambako dai la bima husafiri na misimbo, mambo mengi yatategemea swali moja: kilichovunjika ni jino, au ni ile dawa iliyoziba jino?

Kuna tofauti gani? Si vyote viko kwenye jino lilelile?

Viko jino moja, lakini ni matatizo mawili. ICD-10-CM, orodha ya misimbo ya magonjwa inayotumika Marekani tangu tarehe 1 Oktoba 2015, imevitenganisha kabisa. Kizibo kilichovunjika ni K08.53. Kikiwa na ufa lakini hakuna kilichodondoka, ni K08.530. Kipande kikitoka, kama kile ulichokitema, ni K08.531. Jino lenyewe likipasuka bila kugongwa, ni K03.81. Likivunjika kwa pigo, kwa mfano umeanguka, ni S02.5XXA, ambapo ile A ya mwisho inaonyesha kwamba bado uko kwenye matibabu ya mwanzo ya jeraha.

Chini ya K08.53 orodha imeweka katazo: usiuandike kwa tatizo lilelile pamoja na K03.81 au S02.5. Kwa hiyo ukuta wa jino ukiondoka pamoja na kizibo, daktari ndiye aseme tatizo lenyewe ni lipi, na aliandike kwenye faili. Mtu wa madai hana ruhusa ya kukisia.

Upo pia K08.539, wa kizibo kilichovunjika bila kuelezwa kama kipande kimetoka. Mimi siupendi. Daktari ameshamulika mdomo kwa taa na kioo, na kama kipande kimetoka au hakijatoka kinaonekana. Kuuandika msimbo huo ni kumnyima mgonjwa maelezo ambayo tayari yapo.

Daktari amesema chini ya kizibo jino limeoza tena. Bado ni K08.53?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kizibo mara nyingi huvunjika kwa sababu jino limeoza chini yake na kikakosa pa kuegemea. Uozo uliorudi unaingia kwenye kundi la K02, na msimbo unachaguliwa kwa mahali na kina. Kwenye mashimo na mifereji ya juu ya jino, ukiishia kwenye enameli, gamba gumu la nje, ni K02.51, ukifika dentini, tabaka lililo chini yake, ni K02.52, ukigusa kiini chenye neva ni K02.53. Kwenye nyuso laini za jino ni K02.61, K02.62 na K02.63 kwa mpangilio huohuo.

Fomu ya madai ya meno ina nafasi ya misimbo minne ya ugonjwa. Uozo na kuvunjika kwa kizibo vikionekana vyote, viandikwe vyote, na kinachotibiwa hasa kitangulie. Ukiandika kuvunjika tu, anayepitia dai ataona kizibo kilichochakaa. Ukiandika na uozo, ataona ugonjwa unaoendelea kula jino.

Kizibo changu hakijavunjika, lakini daktari anataka kukitoa.

Huenda kimeachia mwanya pembeni (K08.51), au kimejitokeza hadi kwenye fizi na hakichongeki (K08.52). Kama sababu ni sura yake tu, ni K08.56, na bima nyingi hazilipii urembo.

Kwa hiyo msimbo wa ugonjwa ndio unaoleta malipo?

Hapana. Huo unaeleza kwa nini. Kinacholipiwa ni kazi iliyofanyika, na kazi ina misimbo yake, CDT, inayotolewa na Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani na kubadilishwa kila tarehe 1 Januari. Bima nyingi za meno hata hazidai msimbo wa ugonjwa, ila baadhi zinaudai.

Chukua gego la kwanza la chini kushoto. Kwa hesabu ya Marekani ni jino namba 19. Kizibo cha zamani kilifunika nyuso tatu, lakini leo daktari ameondoa na kujaza mbili tu: uso wa kutafunia na ule unaogusana na jino la mbele yake. Kwa resini ya rangi ya jino ni D2392, nyuso mbili. Ukiandika D2393 kwa kuwa zamani zilikuwa tatu, umedai kazi ambayo haikufanyika. Taji, yaani kofia ngumu inayofunika jino, likimeguka na kutengenezwa, lina msimbo wake, D2980. Likitoka zima na kubandikwa upya, ni D2920.

Bima imekataa, inasema kizibo hakijatimiza miezi 24.

Bima nyingi hazilipi kuziba tena uso uleule wa jino lilelile ndani ya muda fulani, na miezi 24 ni muda wa kawaida. Kwa taji muda ni mrefu zaidi, mara nyingi miaka 5 hadi 10. Kabla ya kulipa mfukoni, uliza kama mkataba wa daktari na bima unamruhusu kukutoza kwa kazi yake mwenyewe iliyoharibika mapema.

Ukikata rufaa, ushahidi ndio utakaokusemea. Picha ya eksirei na picha ya kawaida ya jino zipigwe *kabla* mashine haijaanza kuchimba, kwa sababu dakika tano baadaye kizibo kilichovunjika hakipo tena. Maelezo ya faili nayo yawe na uzito. "Kizibo kimevunjika, kimezibwa upya" hayamsaidii mtu. Linganisha na haya: "Jino 19, resini imevunjika upande wa mbele, kipande kimetoka, uozo laini hadi dentini chini yake, hakuna ufa kwenye jino." Anayesoma hayo anauona mdomo wenyewe.

Nikivunja jino kwa ajali, bima ya afya italipa?

Inaweza. Fomu ina sehemu ya kutaja ajali na tarehe yake, ijazwe. Ila bima nyingi za afya haziiti kutafuna ajali, hata ukiwa umeuma mfupa.

Naweza kumwomba daktari aandike msimbo utakaolipwa?

Usimwombe. Kuandika pigo ambalo halikutokea ni udanganyifu wa bima, na faili lako litabaki na jeraha ambalo hukulipata. Unachoweza kuomba, na ni haki yako, ni makadirio yapelekwe kwa bima kabla kazi kubwa haijaanza.

Mimi niende na nini kliniki?

Nenda na kile kipande, hata kikiwa kidogo, ndani ya karatasi au kikopo. Sema ilikuwa siku gani, ulikuwa unafanya nini, jino lilianza kuuma kabla au baada ya kuvunjika, na kile kizibo kiliwekwa lini na nani.