Upau kufika 100% si ruhusa ya kuchomoa flashi

Watumiaji wengi wa Linux huamini kwamba upau wa kunakili ukifika 100%, faili zimeshakaa kwenye flashi. Mara nyingi bado. Linux huzipokea kwanza kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), huiambia programu kuwa kazi imekwisha, kisha huziandika taratibu. Kwa mipangilio ya kawaida, data inaweza kusubiri humo sekunde 30 hivi, na flashi ya USB 2.0 ikipewa filamu ya GB 3 huhitaji dakika kadhaa. Ndiyo maana upau hukimbia mwanzoni halafu ukaganda mwishoni. Hakuna kilichoharibika, foleni ndiyo inayomalizwa.

Ukichomoa wakati huo, jina la faili linaweza kubaki na ndani mna takataka. FAT32 na exFAT, mifumo ya kupanga faili ambayo flashi nyingi huja nayo, haina jarida (rekodi ya mabadiliko) la kurekebishia kazi iliyokatika njiani.

Kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), andika sync, amri ya kukamilisha uandishi uliobaki, usubiri imalize. Bora zaidi umount, amri ya kuitenganisha flashi na mfumo. Ikikataa kwa madai kwamba flashi inatumika, amri ya lsof itakutajia programu iliyoishikilia. Aghalabu ni terminali yenyewe, uliyoiacha ndani ya folda ya flashi.

Na flashi iliyogoma ghafla kuandikwa, ikabaki ya kusomwa tu? Usikimbilie chmod, amri ya kubadili ruhusa za faili. Linux ikikuta kasoro kwenye FAT huzuia uandishi ili uharibifu usienee, na amri ya dmesg, inayotoa ujumbe wa mfumo, itakuonyesha. Nakili kwanza unachohitaji, fanya umount, ndipo uendeshe fsck.vfat, programu ya kukagua na kurekebisha FAT.