Stepla ndani ya jeli: Tim Canterbury na kazi isiyo yake

Ninapofundisha sosholojia ya kazi, fikra ya Karl Marx ya mwaka 1844 kuhusu mfanyakazi kutenganishwa na kazi yake huwaelemea wanafunzi mpaka niwaonyeshe kipande cha The Office, vichekesho vya Uingereza vilivyoanza kurushwa na BBC mwaka 2001. Waandishi wake, Ricky Gervais na Stephen Merchant, waliiweka hadithi yao mjini Slough, katika kampuni ya kubuni ya kuuza karatasi, wakaivisha sura ya filamu ya hali halisi, bila vicheko vya kurekodiwa.

Katika kipindi cha kwanza, Tim Canterbury wa idara ya mauzo anaieleza kamera kazi yake: huzungumza na wateja kwa simu kuhusu kiasi na aina ya karatasi za fotokopi wanazozihitaji, kama kampuni inaweza kuwapatia, na kama wao wataweza kulipa. Kufikia hapo anakiri kwamba maelezo hayo yanamchosha hata yeye anayeyatoa. Marx aliandika kwamba kazi ya namna hii hukaa nje ya nafsi ya mfanyakazi, kiasi kwamba hujihisi yuko kwake pale tu anapokuwa haifanyi. Tim hapigwi wala hakaripiwi. Meneja wake, David Brent (ambaye kwa maoni yangu huzungumzwa kupita kiasi), anachotaka ni kupendwa tu. Lakini karatasi anazoziuza Tim hazina alama yake yoyote, na ni tupu kwa maana zote mbili.

Ndiyo maana mzaha wa stepla hunivutia kuliko hotuba zote za Brent. Tim anaichukua stepla ya jirani yake, Gareth, na kuigandisha ndani ya jeli; Gareth anapoipeleka kesi kwa meneja, tunajua kwamba si mara ya kwanza. Wanafunzi hucheka, kisha mimi huwauliza: ni kitu gani kingine humo ofisini ambacho Tim amekibuni, akakitengeneza kwa mikono yake mwanzo hadi mwisho, na kuona kimemfikia aliyekusudiwa? Huwa hawakipati. Tim mwenyewe alikuwa amesema ataacha kazi akasome saikolojia chuo kikuu. Mfululizo wa kwanza unapoisha, amekubali kupandishwa cheo, na yuko palepale.