Anza na madirisha ya Comet

Kijana anayependa ndege akiniuliza aanzie wapi, namwambia aanze karakana kabla ya kiti cha rubani. Pale Paine Field, katika mji wa Everett nchini Marekani, wazee kwa vijana wamejitolea miaka mingi kuirudishia sura Comet 4C, ndege ya zamani ya abiria iliyoundwa Uingereza, ya jumba la makumbusho la Museum of Flight. Ningependa kila mwanafunzi ayatazame vizuri madirisha yake.

Comet ndiyo jeti ya kwanza kubeba abiria wa kulipia. Tarehe 2 Mei 1952 iliondoka London kuelekea Johannesburg, na njiani ikatua Entebbe. Mwaka 1954 Comet mbili zikapasuka angani, na wote waliokuwamo wakafa. Wachunguzi huko Farnborough, Uingereza, wakaizamisha bodi ya Comet nyingine kwenye tangi, wakawa wanaipandisha na kuishusha presha kwa maji, kana kwamba inaruka na kutua. Ukijumlisha na safari zake halisi, ilipofika mara 3,057 ikachanika. Metali ilikuwa imechoka, na nyufa zilianzia kwenye kona za matundu yaliyokatwa katika bodi, maana hapo ndipo nguvu hurundikana. Comet 4 ikaja na bati nene zaidi na madirisha ya mviringo. Ndiyo waliyoinunua East African Airways, shirika la ndege la Afrika Mashariki, wakaanza kuirusha mwaka 1960.

Adui mwingine hujificha. Aluminiamu ya bodi ya ndege hailiki kwa kutu nyekundu kama bati la paa. Hutoa unga mweupe kati ya tabaka mbili, unga unavimba hadi unang'oa vichwa vya ribiti, vile vipini vya chuma vinavyoshikanisha bati. Fundi huugundua kwa kupitisha kidole, kisha hutoboa ribiti moja moja. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Boeing 727 ya kwanza kabisa, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1963, ilikaa Paine Field miaka 25 ikitengenezwa, ndipo, tarehe 2 Machi 2016, ikaruka kwa mara ya mwisho hadi Seattle.

Kuruka nako kuna mlango wake. Tangu 1992, mpango wa Young Eagles wa EAA, chama cha wapenda ndege cha Marekani, huwarusha bure watoto wa miaka 8 hadi 17, na wameshapita milioni 2. Kabla ya kupaa, rubani humzungusha mtoto kuikagua ndege. Aliyepitia karakana hukawia kwenye bawa, kidole chake kikifuata mstari wa ribiti.